Nilikwenda Maore Kumtazama Wifi Yangu

Watu wengi wapitao barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha huiona Same kwa dirisha la basi tu, kisha husema wameijua wilaya ile. Kumbe sehemu kubwa yake imefichwa nyuma ya milima. Ukishuka Same ukapanda gari la Kisiwani, waizunguka milima ya Upare ya kusini kwa chini. Mkono wa kuume milima imesimama kama ukuta. Mkono wa kushoto ni nyika ya Mkomazi, iliyotengwa kuwa pori la wanyama mwaka 1951 na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Huko juu kwenye ukungu watu hulima tangawizi na kulala na blanketi mbili. Huku chini, ukifika Maore, jasho lakutoka kabla hujashusha mzigo wako.

Lakini joto lile ndilo linalopendwa na mpunga, na maji huyapata kutoka mlimani. Wapare ni mafundi wa maji tangu zamani. Wazee wao walichimba ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji ya kijito usiku, ili asubuhi yafunguliwe yashuke mashambani kwa zamu. Nilipofika Maore mpunga ulikuwa umetoa masuke, na watoto walikuwa wakipiga madebe kuamia ndege.

Mimi sikwenda kutazama mpunga. Nilikwenda kumtazama wifi yangu, aliyerudi kutoka Dar es Salaam siku kumi na mbili kabla. Alikuwa amekatwa titi la kulia kwa ajili ya saratani, ambayo wengi twaiita kansa, pamoja na matezi ya kwapani. Akapewa dawa za dripu, na mwisho akapelekwa Ocean Road kutibiwa kwa mionzi.

Jumba lile la Ocean Road, linalotazama bahari, lilijengwa na Wajerumani, likafunguliwa mwaka 1897. Ni miaka miwili tu baada ya mwenzao Röntgen kugundua mionzi ya eksirei huko kwao. Mwaka 1996 sheria ililifanya kuwa taasisi ya saratani, na mwaka 2018 zilifungwa mashine mpya zitengenezazo mionzi kwa umeme. Kutoka Same hadi huko ni zaidi ya kilomita 400. Wifi alikaa kwa shemeji yangu, Mbagala, na kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, alipanda daladala kwenda kulala juu ya kitanda cha mashine kwa dakika chache. Siku zake zilikuwa kumi na tano. Wengine hupangiwa ishirini na tano.

Simu ya wiki ya kwanza ilikuwa ya furaha. "Wifi, haiumi hata kidogo! Ni kama kupigwa picha." Wiki ya tatu ngozi ya kifuani ilikuwa imegeuka nyeusi zaidi, ikavimba kidogo na kuwasha. Akarudi nyumbani akichechemea kwa uchovu tu, nasi sote tukashukuru kwamba yamekwisha.

Nilipoingia chumbani mwake nilimkuta ameketi kitandani, mkono wa kulia ameuweka kiunoni usiguse ubavu. Kwapani ngozi ilikuwa imechubuka, mbichi, yatoa maji. Machozi yalimlengalenga.

"Wifi, wameniunguza," aliniambia. "Nilitoka huko nikiwa mzima. Mbona nimeharibika nikiwa nyumbani?"

Hapo ndipo penye neno nililotaka kuwaandikia, wasomaji wapenzi. Mgonjwa huambiwa tarehe ya mwisho ya matibabu, na jamaa zake huidhani kuwa ndiyo tarehe ya mwisho wa maumivu. Sivyo. Ngozi mara nyingi hufikia ubaya wake wiki moja au mbili baada ya siku ya mwisho ya mashine, wakati mgonjwa amekwisha kurudi kijijini. Mkulima wa mpunga ataelewa upesi. Mionzi hupiga kitalu, si shamba. Ngozi ya juu ambayo imekwisha kukua hubaki ikionekana nzima, lakini chini yake, mahali pa kuoteshea ngozi mpya, miche imekatika. Ile ya juu ikichakaa na kutoka kama kawaida yake, hakuna ya kuiziba mara moja. Kisha kitalu huota tena, na kwa kawaida jeraha hujifunga baada ya wiki chache.

Wifi alikuwa na kadi ya hospitali yenye namba ya simu, ameihifadhi ndani ya sanduku chini ya vitenge kama cheti cha ndoa! Tukaitoa tukapiga. Muuguzi aliyepokea hakushtuka hata kidogo. Aliuliza kama ana homa, kama pananuka, kama pana usaha. Hapakuwa na hayo. Akasema twende zahanati atazamwe, afungwe kitambaa kisichogandamana na kidonda, wala plasta ya kunata isiguse ngozi ile. Kukitokea homa au usaha, asingoje kesho.

Mengine aliyotuagiza ni ya nyumbani. Aoge kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, asijisugue kwa dodoki, ajikaushe kwa kugusagusa na kitambaa laini. Kwapani asinyoe, asipake manukato wala poda. Avae nguo pana ya pamba. Khanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi ikalainika ilimfaa kuliko gauni lolote. Mahali pale pasipigwe jua, na hata pakipona pafunikwe mwaka mzima na zaidi.

Mama mkwe wa wifi, bibi mwenye huruma nyingi, alikuwa tayari amekwisha kutwanga majani ya kumbandika. Ilikuwa kazi kumkataza bila kumvunjia heshima. Nilimwambia, "Mama, ngozi hii ni kama ya kichanga, haiwezi kubeba dawa kali," naye akayamwaga chini ya mgomba bila neno.

Shida kubwa zaidi ilikuwa nyingine. Mjukuu wa miaka minne, aliyezoea kulala na bibi yake, alikuwa amehamishiwa nyumba ya jirani. Watu walisema moto wa mashine bado umo mwilini na utamchoma mtoto. Wifi hakulalamika, bali aliamini hivyo hivyo, akawa anakula peke yake na kikombe chake peke yake. Nikamwuliza muuguzi kwa simu, wote wakisikia. Akajibu kwamba mionzi ile itokayo kwenye mashine ya nje hupita kama mwanga wa taa. Taa ikizimwa, chumbani hapabaki mwanga. Mgonjwa haambukizi, wala hachomi mtu. Jioni ile mtoto alirudi, akaonywa tu asimparamie bibi upande wa kulia.

Uchovu nao una mambo yake. Si uchovu wa jembe unaokwisha kwa usingizi, na huweza kudumu kwa wiki, hata miezi. Majirani wakimwona mtu ananenepa kidogo na ameketi, humwita mvivu. Wifi alipewa kazi ya kuamia ndege, na ilimfaa kuliko kulala kutwa, kwani ndege hushuka zaidi asubuhi na jioni, jua likiwa pole. Mchana alirudi kivulini. Kutembea kidogo kila siku huongeza nguvu. Chakula pia: makande yenye maharage mengi, yai, maziwa, dagaa, maana mwili unaojenga ngozi wahitaji matofali.

Na ule mkono? Mtu aliyetolewa matezi ya kwapani, kisha akapigwa mionzi, bega lake huweza kukakamaa na mkono kuvimba, pengine baada ya miaka. Bangili au pete ikianza kubana, ni dalili. Kwenye mpunga majani hukata na mundu hukata; jeraha dogo lioshwe kwa sabuni papo hapo, na mkono ukiwa wa moto, umevimba na homa ipo, ni hospitali siku hiyo hiyo. Ndoo na kuni alizibeba mkwe wake, mke wa mwanawe, akiongezewa wifi kidogo kidogo kadiri alivyopata nguvu. Jambo jingine la kukumbuka: kikohozi kikavu na kupumua kwa shida miezi michache baadaye huweza kutokana na mionzi kugusa pafu. Daktari wa karibu aambiwe kwamba mgonjwa alipata mionzi, asije akadhani ni kifua cha kawaida.

Zaidi ya yote nilimwuliza wifi kama alifikiri kuacha katikati. Alikiri. Wiki ya tatu nauli ilikuwa imekwisha na ngozi inawaka, akaona siku kumi na mbili zatosha. Shemeji alikopa fedha, akamwambia, "Dada, hatuli ubwabwa ulioiva nusu." Naye akamaliza. Kuruka siku huipunguzia tiba nguvu yake, na tatu zilizosalia hazikuwa za kutupa.

Nilikaa Maore siku tisa. Siku ya pili tulianza zoezi alilofundishwa: kusimama mbele ya ukuta na kuupandisha mkono kwa vidole, taratibu kama kinyonga, hadi mahali unapokaza, bila kulazimisha. Mjukuu alishika kipande cha mkaa akaweka alama. Ya kwanza ilikuwa chini ya bega. Kila asubuhi aliamka kabla yetu, mkaa mkononi, akimwita bibi yake aje ukutani. Siku niliyoondoka kwapani palikuwa pamekauka, pana ngozi nyororo ya rangi ya maziwa yenye chai, na alama ya mwisho ilikuwa imefika ukingo wa juu wa dirisha. Mtoto hakuweza kuifikia tena. Ilibidi wifi achukue mkaa aiweke mwenyewe.