Makapi ya Mkonge ni Mali

Ukitoka Segera kuelekea Tanga, usisinzie garini. Kuanzia Hale hadi Muheza na Ngomeni utaiona mistari ya mkonge imenyooka kama gwaride. Mmea huu ni mgeni. Uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na miche 62 tu iliyonusurika safari ndiyo iliyozaa mashamba haya. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za singa. Kisha zikaja kamba za plastiki. Bei ya mkonge ikaanguka, mashamba mengi yakageuka pori na wakataji wengi wakakosa kazi.

Fika kwenye korona. Ndivyo mashine ya kuchakata majani inavyoitwa mashambani tangu zamani, kabla ya maradhi ya jina hilo. Macho yako yatavutwa na singa nyeupe zilizoanikwa juani, lakini katika kila kilo 100 za majani, singa kavu hazizidi kilo 5. Kilichobaki ni maji na makapi ya kijani, ambayo kwa miaka mingi yaliachwa yaoze, harufu yake ikimlaki mgeni kabla ya wenyeji. Hale walikwisha kuonyesha njia: mwaka 2008 ulizinduliwa mtambo wa kugeuza makapi hayo kuwa gesi ya kufulia umeme.

Lakini humo mna hazina nyingine, nayo ni selulosi. Katika maabara, wataalamu huchemsha mabaki ya mimea kwa soda kali, huyang'arisha, kisha huyasaga kwa nguvu nyingi mpaka nyuzi zake zipimwe kwa nanometa, yaani milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Zikichanganywa vema na plastiki, nyuzi hizo hufanya kazi ya nondo ndani ya zege: plastiki kidogo huhimili mzigo mkubwa zaidi.

Kazi hiyo si nyepesi. Selulosi hupenda maji, ilhali plastiki nyingi huyakataa. Nyuzi zisipotayarishwa hufanya madonge kama ugali uliosongwa vibaya, na plastiki huwa dhaifu badala ya imara. Kuzikausha nako hula nishati nyingi. Wala tusidanganyane: plastiki ya petroli haiozi ati kwa kuwa imetiwa nyuzi za mmea.

Hata hivyo, dunia ni duara. Plastiki iliyoufukuza mkonge sokoni, leo yaweza kuuhitaji uipe nguvu. Je, tutauza makapi kama tulivyouza singa ghafi, kisha tuyanunue tena yakiwa vyombo? Kituo cha utafiti wa mkonge kipo papo hapo Mlingano, hatua chache kutoka mashambani. Wewe mzazi mwenye mtoto anayesoma kemia, siku mkipita njia hii, msimamishe mbele ya lundo lile la kijani. Mwambie kwamba babu zake walilikata jani. Yeye anangojewa alimalize.