Wambaa: Kabla ya fundi, uulize udongo

Safari hii mwenzenu nilikuwa Pemba. Sikwenda kutalii wala kununua karafuu. Nilikwenda ukweni, Wambaa, kuoneshwa kiwanja. Pesa ya saruji nimeidunduliza miaka sita, na mama watoto alishaanza kuchagua rangi ya mapazia.

Boti ilitushusha Mkoani, tumbo likiwa limekorogeka vya kutosha. Wageni wa hoteli ya Fundu Lagoon, iliyoko huko huko Wambaa, huchukuliwa hapo Mkoani kwa boti ndogo, wakaenda kulala kwenye mahema yaliyowekwa juu ya majukwaa ya mbao na kuezekwa makuti. Sisi wakwe tunapita barabarani: kilima cha mikarafuu, bonde la mpunga, halafu kilima tena. Waarabu walioiita Pemba Kisiwa cha Kijani hawakukosea.

Basi bwana, nikaoneshwa sehemu mbili. Ya kwanza bondeni, tambarare kama meza, gari linafika mpaka mlangoni. Ya pili juu ya mteremko, kati ya minazi, ambako kila mfuko wa saruji utapanda kwa kichwa cha mtu. Nikasema palepale, "Baba, mimi nachukua ya bondeni."

Mzee hakujibu. Aliinama akachota udongo, akautia maji kidogo, akausokota ukawa kama tambi, kisha akaukunja ukawa pete. Haukukatika.

"Mwanangu," akasema, "pete hii usimvishe mke. Itakupasulia nyumba."

Kumbe huo ndio kinamo, udongo wa mabondeni. Masika ukinywa maji unavimba, kiangazi unanywea na kufanya nyufa. Msingi ulio juu yake hupanda na kushuka, na ukuta wa matofali haujui kucheza ngoma hiyo. Nikapelekwa kwa jirani aliyejenga ukingoni mwa bonde. Ufa umeanzia kwenye pembe ya dirisha, ukateremka mshazari hadi chini. Ameuziba kwa saruji mara tatu, na mara tatu umerudi.

Nyumba ya zamani ya miti, fito na udongo ilivumilia zaidi. Ikipasuka, unakandika upya, maisha yanaendelea. Sisi wa matofali ndio tunaotafutana na fundi.

Lakini kilichonitoa jasho hasa ni choo. Mkwe alichimba vishimo viwili vya kina cha goti, kimoja bondeni, kimoja mtelemkoni. Akavijaza maji, yakanywewa, akavijaza tena. Cha juu, penye udongo wa kichanga, kilikauka hata chai hatujamaliza. Cha bondeni asubuhi ya pili kilikuwa na maji bado, na chura amekwishahamia! Sasa jiulize, karo la nyumba ya watu wanane lingepeleka wapi maji yake? Masika lingefurika uani, watoto wakacheza humo humo.

Hapa si mahali pa utani. Kipindupindu kiliingia Zanzibar mara ya kwanza mwaka 1978, na miaka ya 2015 na 2016 kilirudi kwa kishindo. Mabwana afya wanahimiza choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye kisima, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Tena usidhani kichanga hakina lawama. Kinapitisha maji haraka mno, na uchafu nao unaweza kufuata mkondo mpaka kisimani. Halafu kuta za shimo huporomoka, lazima uzijengee. Kule Micheweni, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, kuchimba ni kazi ya nyundo, na maji machafu hupenya kwenye nyufa za mwamba bila kuchujwa.

"Kwa hiyo bonde halifai?" nikauliza.

Mzee akacheka. "Halifai kulala mtu. Mpunga na majimbi yanalala vizuri tu."

Ndiyo hekima yenyewe. Kinamo kinachomkera fundi ndicho kinachoshika maji ya mpunga. Mkarafuu hautaki kusimama majini, ndiyo maana unakaa mlimani. Muhogo nao unapenda udongo unaolegea, la sivyo unaoza. Ila mteremko una deni lake: mvua huchukua udongo wa juu. Mkwe amenishauri bustani niikinge kwa mistari ya mchaichai na mananasi, ikikata mteremko kwa upana, na samadi nisiionee choyo.

Basi nimechukua kiwanja cha juu. Nauli ya vichwa vya watu imekula chumba kimoja kwenye ramani. Mama watoto alinuna siku nzima, mpaka nilipompeleka kumwona yule chura.

Nawe msomaji unayedunduliza, kabla hujamlipa fundi, fanya pete ya udongo na chimba kishimo chako. Ni bure, na majibu yake hayana rushwa.