Mafiga Matatu

Wazee wetu walisema kuwa figa moja haliinjiki chungu. Mtu aliyekulia katika jiko la kuni, kama nilivyokulia mimi, hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Mafiga ni matatu. Likipungua moja chungu hupinduka, na maji, unga na kuni vyote vikapotea bure. Kazi yangu ni kuwafundisha vijana wanaojiandaa kuwa walimu, na kila tufikapo katika somo la nishati, yaani nguvu zinazopika, zinazoangaza na zinazoendesha mitambo, mawazo yangu huyarudia mafiga hayo. Mataifa ya Ulaya leo yanatafuta nguvu zenye sifa tatu: ziwe safi, ziwe za kutegemewa, na ziwe za bei ambayo mnyonge aweza kuilipa. Historia yao yaonyesha taabu waliyoipata kila walipoinjika chungu juu ya mafiga mawili.

Figa la kwanza lililokosekana lilikuwa usafi. Kwa zaidi ya karne moja viwanda, reli na nyumba za Uingereza zilitegemea makaa ya mawe. Makaa hayo yalichimbwa humo humo nchini, kwa hiyo hayakuwa haba, wala bei yake haikuwashinda watu. Lakini mwezi wa Desemba 1952 hewa ya London ilitulia, baridi ikazidi, na moshi wa makaa ukachanganyika na ukungu ukalifunika jiji kwa siku tano. Watu walishindwa kuiona njia waliyoikanyaga, na maelfu walikufa kwa maradhi ya kifua na moyo. Mwaka 1956 Bunge lilipitisha sheria ya hewa safi. Twajua sasa kuwa makaa hudhuru hata mahali moshi usipoonekana, maana hewa yake huongeza joto la dunia nzima. Kituo cha mwisho cha Uingereza kilichofua umeme kwa makaa kilifungwa Septemba 2024.

Figa la pili ni kutegemewa. Nchi nyingi, Ujerumani ikiwa mbele, ziligeukia gesi iliyosafirishwa kwa mabomba kutoka Urusi. Gesi hutoa moshi mchache kuliko makaa, na bei yake ilikuwa nafuu. Mwaka 2021 zaidi ya theluthi moja ya gesi iliyoagizwa na Umoja wa Ulaya ilitoka Urusi. Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine kwa majeshi makubwa, na kabla ya mwaka kwisha bomba kuu lililopita chini ya Bahari ya Baltiki lilikuwa halipitishi kitu. Bei ikaruka kupita kiasi. Serikali zilitoa mabilioni kuwasaidia raia, na familia nyingi zikapunguza joto la nyumba zao wakati wa baridi. Mtu anayepikiwa na jirani hachagui saa ya kula.

Nchi iliyonivutia kuliko zote katika habari hizi ni Denmark, nchi ndogo, tambarare, yenye upepo mwingi. Pengine huu ni upendeleo wa kazi yangu, maana mwanzo wa habari yake ni mwalimu. Poul la Cour alifundisha katika shule ya watu wazima ya kijiji cha Askov, na mwaka 1891 alijenga hapo kinu cha upepo cha kufulia umeme. Upepo hauvumi kila saa, naye alilijua hilo. Akautumia umeme kuyatenga maji yawe hewa za haidrojeni na oksijeni, akaihifadhi haidrojeni kwa kuwashia taa. Baadaye akawafundisha vijana wa mashambani ufundi wa umeme, ili vijiji visisubiri nyuma ya miji.

Hata hivyo taifa lake lilisahau. Mwaka 1973, nchi za Kiarabu zilipobana mafuta, Denmark ilikuwa ikitegemea mafuta ya kigeni kwa karibu sehemu tisa katika kumi za nguvu zake. Magari ya watu yakakatazwa barabarani siku za Jumapili. Dawa ya kwanza waliyoitafuta ilikuwa makaa ya mawe, na hapo usafi ukakosekana tena. Lakini mafundi wa vijijini, akiwamo seremala Christian Riisager, walianza kuunda vinu vidogo na kuviunga na nyaya za umeme. Majirani wakachangishana fedha, wakanunua kinu kimoja kwa ushirika, kama wakulima wetu wanunuavyo mashine ya kukobolea kahawa.

Mwaka 1997 kisiwa cha Samsø, chenye watu wapatao 4,000, kilichaguliwa kuwa kielelezo. Søren Hermansen, mwana wa mkulima ambaye naye alikuwa mwalimu, alikwenda mkutano hadi mkutano akisikiliza manung'uniko ya watu na kuwashawishi. Vikasimamishwa vinu 11 nchi kavu, na mwaka 2002 vingine 10 baharini. Baadhi vilinunuliwa na wakulima, baadhi na baraza la kisiwa, na baadhi kwa hisa za watu wengi. Nyumba nyingi zikapashwa joto kwa maji ya moto yaliyochemshwa kwa mabua ya nafaka. Magari na meli za kisiwa ziliendelea kutumia mafuta, lakini umeme uliopelekwa bara ulilipia deni hilo. Leo upepo huipa Denmark zaidi ya nusu ya umeme inaoutumia, na upepo unapotulia, nyaya zilizopita chini ya bahari huleta umeme wa mabwawa ya Norway.

Siku moja mwanafunzi wangu aliniuliza: "Mwalimu, upepo hauna mwenyewe, mbona umeme wake una bei?" Nilimjibu kuwa kinu kina mwenyewe, ardhi ina mwenyewe, na waya una mwenyewe. Katika soko la umeme la Ulaya, bei ya saa fulani huwekwa na mtambo ulio ghali kuliko yote inayohitajika saa hiyo. Ni kama magunia yote ya mahindi kuuzwa kwa bei ya gunia la mkulima aliyeingia gharama kubwa zaidi. Kwa hiyo mwaka 2022 hata umeme wa upepo uliuzwa kwa bei ya gesi, mpaka Umoja wa Ulaya ukaweka kikomo cha mapato. Kinu kikiwa cha wanakijiji, faida hubaki kijijini. Kikiwa cha mgeni, wenyeji huachiwa mvumo wake tu. Figa la tatu, basi, halitokani na upepo. Hutokana na haki.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Vinu 365 vya Loiyangalani, katika Kaunti ya Marsabit, viliundwa na kampuni ya Denmark, na tangu 2018 vinapeleka umeme katika gridi ya taifa. Umeme wao ni safi, na nchi inauhitaji. Lakini wenyeji walikwenda mahakamani kuitetea ardhi ya jamii, na Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kuwa hati za ardhi hiyo hazikutolewa kwa kufuata sheria. Tuliagiza vinu, ila desturi ya kuvimiliki pamoja na majirani haikupakiwa melini.

Ninyi mnaosoma kurasa hizi ndio mtakaokuwa mafundi, mawakili na madiwani wa miaka ijayo. Mtakapoletewa mradi wa jua, wa upepo au wa mvuke wa ardhini, msiridhike kuambiwa kuwa ni safi. Ulizeni utategemewa vipi siku ya shida. Kisha ulizeni ni mali ya nani, na mama mwenye taa moja atalipa kiasi gani.