Mwaka wa Sita

Hapa Kibirizi wananiita daktari, na haipiti wiki bila mtu kunionyesha mguu uliovimba. Huwaeleza kuwa udaktari wangu ni wa samaki. Nilimaliza shahada ya uzamivu, nikapata mkataba wa utafiti wa miaka miwili. Ukiisha nitaomba mwingine, au nirudi nyumbani. Kazi yenyewe haina makuu. Alfajiri vyombo vikirudi, napima dagaa mmoja mmoja kwa rula, nampasua nione kama ana mayai, naandika. Siku za mbalamwezi wavuvi hawatoki, maana taa zao haziwezi kushindana na mwezi, nami hushinda ndani na majedwali yangu.

Wapo wapendwa wanaodhani mtu akizoea hadubini hupoteza imani. Kwangu imekuwa kinyume. Ziwa Tanganyika lina kina cha meta zipatazo 1,470, na wengi wa samaki wake hawapatikani popote pengine duniani. Kumsifu Muumba hakujawahi kunishinda. Kilichonishinda ni swali la mzee mmoja wa kanisa letu.

Serikali ilisimamisha uvuvi upande wetu wa ziwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wazaane. Jumapili moja baada ya ibada, mzee huyo, mwenye chombo cha dagaa na wajukuu watano wa kulisha, aliniuliza kama nami nimo kati ya waliolifunga ziwa. Nikamjibu kuwa sikuamua mimi, ila hesabu kama zangu ndizo zinazotazamwa. Kisha nikamkumbusha Mambo ya Walawi sura ya 25, kwamba hata ardhi ilipewa mwaka wa kupumzika.

“Sawa, mwanangu,” akasema. “Lakini isome mpaka chini. Mungu aliahidi kuwa mwaka wa sita ungezaa chakula cha kuwatosha miaka mitatu. Mwaka wetu wa sita uko wapi?”

Sikuwa na jibu, na kuna jambo nililolijua lililozidi kunielemea. Watafiti waliochunguza tope la chini ya ziwa walichapisha mwaka 2016 kwamba samaki walianza kupungua hata kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki kirahisi na yale ya chini yenye rutuba. Upepo wa kusi unashindwa kuyakoroga kama zamani, vijimea vya majini vinapungua, na chakula cha dagaa kinapungua pia. Nyavu za macho madogo nazo zina sehemu yake, hilo sifichi. Lakini joto hilo halikuwashwa na taa za wavuvi wa Kigoma.

Nilimweleza yote, tumesimama pale nje ya kanisa. Akanyamaza kitambo. “Basi tunalipa deni la nani?”

Ningeweza kumwambia tuombe. Tuliomba kweli, lakini naona ni dhambi kumpa mtu mwenye njaa sala peke yake. Wahubiri wetu wa ziwani hupenda habari ya Petro aliyekesha bila kupata kitu, na huishia kwenye nyavu zilizojaa. Mimi siku hizi husimama pale walipowapungia mkono wenzao wa chombo cha pili waje kuwasaidia. Akina mama wa kanisa walikuwa wameshaanza kukusanya unga. Haukuwa chakula cha miaka mitatu. Kwa nyumba nyingine haukufika hata wiki mbili.

Ziwa lilifunguliwa mwezi ukiwa karibu kujaa, kwa hiyo mzee akangoja tena. Giza liliporudi alitoka. Asubuhi akaniletea bakuli la dagaa nipime, akachuchumaa kando yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

“Wana mayai?”

“Wengine wanayo, wengine hawana.”

“Andika hivyo hivyo,” akasema, akasogeza bakuli karibu na rula.