Mtoto Akililia Tarakilishi

Leo kalamu yangu haikuletei hadithi ya sungura na fisi. Inakuletea kisa cha ugomvi uliozuka mwaka huu wa 2026 kati yangu na Mama mzazi, ugomvi ambao niliuanzisha mimi mwenyewe. Nimeona heri niusimulie kwa mkono wangu kabla ndugu yangu mdogo hajausimulia kwa kuutia chumvi.

Sisi hukaa Kaptembwo, hapa Nakuru. Tuko watatu nyumbani: Mama, ndugu yangu aliye Gredi ya Tisa, na mimi. Mama ana kibanda karibu na steji ya matatu ambapo huuza chai, chapati na maharagwe. Huamka saa kumi alfajiri, majogoo wenyewe wakiwa bado wanakoroma. Makanga na watu wa bodaboda wanamjua kwa jambo moja: chapati ya Mama haiungui. Tafadhali lishike neno hilo, maana nitalirudia.

Chanzo cha mambo ni somo la Kompyuta. Kama wajuavyo wenzangu tunaolisoma, mtihani wake wa KCSE una karatasi tatu: ya nadharia, ya vitendo, na ya mradi ambao mtahiniwa huufanya akiwa Kidato cha Nne. Maabara yetu ina tarakilishi 20, lakini zinazofanya kazi ni 14, nasi darasani tuko 43. Hesabu hiyo haihitaji tarakilishi. Watu watatu hukaa mbele ya mashine moja: wa kwanza anabonyeza, wa pili anatazama, wa tatu anasinzia. Mimi mara nyingi niliangukia nafasi ya tatu. Jioni sisi wa shule ya kutwa hushika njia kwenda nyumbani, na saiba ya mtaani hutoza shilingi moja kwa kila dakika. Dakika zile hukimbia mithili ya swara aliyeona simba.

Basi mwezi wa Januari nilipita katika barabara ya Kenyatta, nikaona dukani kipakatalishi kipya kinang'aa kama kioo. Bei: shilingi 48,000. Wenzangu wawili darasani walikuwa wamenunuliwa vya aina hiyo. Moyo wangu ukaniambia, "Hiki ni chako." Moyo haukuniambia pesa zingetoka wapi.

Jioni hiyo nilimsaidia Mama kuosha sufuria bila kuambiwa, hata yeye akashangaa.

"Leo kuna nini?" akaniuliza.

"Mama, nataka uninunulie kompyuta."

"Ya pesa ngapi?"

Nilipomtajia, aliweka chini mwiko. "Elfu arobaini na nane! Mwanangu, mwaka 2013 serikali nzima iliahidi vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Mwaka 2016 ikaja kuleta vishikwambi. Sasa kama serikali ilishindwa, mimi muuza chapati nitaweza wapi?"

Ndugu yangu akaangua kicheko. Mimi sikucheka. Mwaka 2016 nilikuwa darasa la kwanza.

Nilijua Mama yuko katika chama cha akina mama kumi, na kwamba mwezi wa Mei ingekuwa zamu yake kupokea shilingi 40,000. Nikamkumbusha. Akasema pesa hizo ni za ndugu yangu, ambaye Januari 2027 anatarajiwa kuingia Gredi ya Kumi, na huko kunatakiwa sare, vitabu, na pengine godoro na sanduku kama atapelekwa shule ya bweni. Nikanuna. Kwa wiki nzima nilikuwa nikijibu "ndiyo" na "la" tu, kama shahidi mahakamani.

Lakini Mama hakupuuza ombi langu. Jumamosi moja alirudi akiwa amebeba kitu kimefungwa kwa leso. Kilikuwa kipakatalishi kuukuu cha jirani fulani, bei yake shilingi 8,000. Alikuwa hajalipa bado, amekileta nikitazame. Uso wake ulijaa furaha. Mimi nilikifungua, nikasubiri dakika saba ndipo kiwake. Betri ilikuwa imekufa. Kumbukumbu yake ilikuwa gigabaiti 2, hali Windows 11 hudai zisipungue 4. Nayo Windows 10 iliyokuwemo, kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mwalimu wetu alikuwa ametufunza hayo yote.

Sasa, msomaji, mtu mwenye adabu angeyaeleza hayo polepole, wakiwa nyumbani, wameketi. Mimi sikufanya hivyo. Jumatatu asubuhi nilikibeba kitu kile hadi kibandani, wateja wakiwa wamejaa, nikakiweka juu ya benchi nikasema, "Rudisha tu. Hii ni takataka. Mama, wewe utajuaje mambo ya kompyuta? Wewe unajua chapati tu!"

Makanga mmoja aliyekuwa akinywa chai akainamisha kichwa. Hakuna aliyesema kitu. Mama naye hakusema. Alikuwa ameshika chapati kwa vidole, tayari kuigeuza, lakini hakuigeuza. Nilisimama pale nikaiona ikianza kutoa moshi. Ile chapati iliungua, wenzangu. Nikachukua mkoba wangu nikaenda shule, na harufu ile ikanifuata hadi langoni.

Kwa mwezi mmoja hatukuzungumza habari ya kompyuta. Chakula nilipewa, nauli nilipewa siku za mvua, lakini nyumba ilikuwa baridi. Mimi bado nilijiona mwenye haki. Nikawaza, nikimwonyesha Mama kwa hesabu kwamba pesa zipo, atakosa la kusema.

Bahati ikaja mwezi wa Machi. Mwalimu alikuwa akitufunza lahajedwali, ile programu ya safu na mistari ambayo ukiiingizia nambari inajumlisha yenyewe. Akatupa zoezi: kila mmoja alete hesabu za kweli za biashara ndogo, azipange. Nikachukua daftari la Mama, lile lenye jalada la samawati na alama za mafuta. Nikamwomba ruhusa, akasema, "Chukua." Neno hilo moja tu.

Kwa muda wa vipindi vitatu nilikubali kukaa mbele ya mashine na kuandika hesabu za mwezi wa Februari, siku 24 za kazi. Wenzangu wawili wakanisomea. Mauzo ya pesa taslimu: 54,600. Nikatabasamu. "Si mnaona?" nikawaambia. Kisha tukaingiza unga, mafuta ya kupikia, maharagwe, majani, maziwa, sukari, makaa na ushuru: 36,400. Zikabaki 18,200. Bado nilitabasamu, ingawa si kwa meno yote.

Tukaendelea. Kodi ya nyumba 4,500. Chakula cha nyumbani 4,200. Shule yangu, pamoja na chakula cha mchana, 3,000. Shule ya ndugu yangu 1,500. Chama 4,000. Stima na maji 800. Halafu kulikuwa na mstari mmoja wa shilingi 150 ambao sikuuelewa. Nikalisogeza daftari karibu. Mama alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mdogo: "Kushona kiatu."

Mwezi mzima, msomaji, katika hesabu zote zile, hicho ndicho kitu pekee alichojinunulia Mama. Wala hakukinunua, alikishona tu.

Nikabonyeza kitufe cha mwisho. Mashine ikajibu: 50. Nikadhani nimekosea. Nikarudia. Ikajibu 50 tena. Nilikuwa nimekwenda kutafuta elfu arobaini na nane, nikapata shilingi hamsini. Mwenzangu mmoja akataka kucheka, akaniona machozi, akanyamaza.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo daftari lilificha lakini lahajedwali ikalifichua. Katika kurasa za nyuma Mama alikuwa ameandika madeni: huyu chai na chapati mbili, yule maharagwe, yule mwingine "atalipa Ijumaa." Ijumaa hizo zilikuwa zimepita nyingi. Nilipoyajumlisha yote yakawa shilingi 6,300. Kumbe mtu anaweza kukosa 6,300 kwa vipande vya hamsini hamsini asijue!

Mwalimu akaniruhusu nichapishe ukurasa mmoja. Jioni nilimkuta Mama ameketi kwenye kigoda akichambua maharagwe. Nikampa karatasi. Akaisoma taratibu, kidole kikifuata mistari.

"Hii mia na hamsini ni nini?" akauliza.

"Ni kiatu chako, Mama."

Akakitazama kiatu chenyewe, kama kwamba ndiyo mara ya kwanza kukiona. Nikapiga magoti kando ya ungo. "Mama, nisamehe. Kompyuta sitaki tena."

"Nani amekwambia hutaki?" akasema. "Unaitaka na unaihitaji. Bei haikuniudhi. Bei ni bei, watu huongea. Kilichoniuma ni kunivua nguo mbele ya watu wanaoniheshimu. Wale ndio wanaokusomesha, mwanangu, kwa vile vikombe vya chai." Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia: "Na ile ya jirani, kwa nini uliikataa? Nieleze sasa, polepole."

Nikamweleza habari za kumbukumbu, betri na Windows. Alisikiliza kwa makini. Mwishowe akasema, "Yaani ningenunua gari lisilo na vipuri. Basi ungeniambia hivyo!" Nikagundua kwamba nilikuwa nimejua jambo la kweli, nikalisema vibaya, likageuka kuwa tusi.

Usiku huo tulipatana. Kipya, hapana. Cha jirani, hapana. Tutafute kilichotumika ng'ambo kikarekebishwa, ila kiwe cha kunifikisha hadi mwisho wa Kidato cha Nne. Madeni tukayafuatilia kwa upole, mimi nikiandika na Mama akiongea. Tukapata 5,000 katika zile 6,300. Yule makanga aliyeinamisha kichwa alikuwa wa kwanza kulipa. Mjomba akatoa 2,500. Zamu ya chama ilipofika mwezi wa Mei, Mama akachukua 12,000, na zile 28,000 zilizosalia akamwekea ndugu yangu.

Siku ya kununua tuliandamana. Hapo ndipo nilipojua kwamba kila mtu ana maabara yake. Mimi nilikagua mashine: kumbukumbu ya gigabaiti 8, kichakato cha kizazi cha nane ambacho Windows 11 hukikubali. Mama naye akamkagua muuzaji. Bei ilianzia 23,000. Mama akasema, "Mimi sinunui unga bila kuupima. Iwashe, ondoa waya, nasi tutakaa hapa." Tukakaa saa nzima, Mama akimwuliza muuzaji habari za watoto wake na jicho lake halibanduki kwenye betri. Mashine haikuzima. Mama akaomba dhamana ya miezi sita iandikwe kwenye risiti, kisha akaanza kupunguza bei. Tulitoka na kipakatalishi kwa shilingi 19,500. Mimi peke yangu ningelipa 23,000 na kusema asante.

Sitakudanganya, msomaji. Kipakatalishi changu kina mkwaruzo kwenye kifuniko, na herufi "A" imefutika. Nikipita katika barabara ya Kenyatta bado jicho langu huenda kwenye kile kinachong'aa. Lakini kila Jumapili jioni Mama hunisomea daftari, nami naingiza hesabu. Tangu tuanze, amepunguza kukopesha, na juzi alijinunulia viatu. Vipya. Anakiita bado "hiyo mashine yako," ila akitoka huifunika kwa ile leso yake asipate vumbi.

Wahenga walinena kwamba mtoto akililia wembe mpe. Mimi naomba kuongeza neno dogo: kabla hujalilia, omba kwanza daftari la mzazi wako ulisome. Huenda ukapata pesa uliyoitafuta, huenda ukapata shilingi hamsini. Nanyi wazazi mtakaolisoma jarida hili, tuulizeni kwa nini tunakataa kitu mlichotuletea. Wakati mwingine tuna sababu, ila hatuna ulimi wa kuieleza.

Kwa walimu wetu wapenzi, nina ombi moja kwa unyenyekevu. Si kila mwanafunzi atapata mjomba na chama. Mkitufungulia maabara saa ya mapumziko ya mchana, yule wa nafasi ya tatu ataacha kusinzia. Nami naahidi kumfundisha lahajedwali mtu yeyote atakayekuja na daftari la mama yake.

Kwaherini, tuonane katika toleo lijalo, Mola akipenda.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu