Malindi: Kabla ya Kununua Gari, Inama Uchungulie Chini

Mjini Malindi, kuanzia nguzo ya Vasco da Gama hadi Casuarina, hutembei mbali kabla ya kusikia Kiitaliano, na mara nyingi anayekizungumza ni kijana wa hapa hapa. Waitaliano hawakuanza kuja jana. Mradi wao wa San Marco uliweka majukwaa baharini karibu na Ngomeni miaka ya 1960, na mwaka 1967 setilaiti ya kwanza ikarushwa kutoka hapo. Nyuma ya mafundi wa roketi wakaja watalii, na baadaye familia nzima zikahamia Malindi, Watamu na Mambrui.

Familia ya namna hii ikishapata nyumba, linalofuata ni gari. Tuktuk yatosha kwenda sokoni. Kumkimbiza mgonjwa usiku kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke ni jambo jingine. Gari lao la nyumbani hawawezi kulileta, kwani usukani wake uko kushoto na Kenya haisajili magari ya kawaida ya aina hiyo. Hata lenye usukani wa kulia haliruhusiwi kuingia likiwa limepita miaka 8. Ndiyo maana barabara zetu zimejaa magari yaliyotumika kwanza Japani, ambako nako huendesha upande wa kushoto kama sisi.

Basi wengine huteremka Mombasa, kilomita 120 hivi, kwenye yadi za magari yaliyotoka melini. Safari yenyewe si adhabu. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, watu walingoja feri. Siku hizi unapita juu ukitazama mashua chini. Yadini bei iko juu, lakini gari bado halijaonja chumvi yetu.

Wengine humnunulia jirani anayefunga nyumba. Baada ya Pasaka, masika yakikaribia na kusi kuanza kuvuma, wageni wengi hurudi kwao, na magari ya kuuzwa huonekana kila pembe. Hapa, mpenzi msomaji, ndipo pa kuwa macho. Rangi inang'aa, kilomita ni chache, na mwenyewe anajisifu kwamba liliendeshwa miezi mitatu tu kwa mwaka. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kuliogopa. Miezi tisa limesimama hatua chache kutoka baharini, unyevu wa chumvi umelala chini ya sakafu, injini haikuwashwa. Betri hufa, breki hushikana, panya hula nyaya. Heri gari lililochoka kwa safari kuliko lililooza kwa kusimama.

Mtafute fundi wako, si wa muuzaji. Alipandishe gari juu, agonge chesi kwa spana na kusikiliza. Mahali palipooza hapaliI kama chuma kizima, na pengine spana itatoboa. Afunue kapeti za ndani na za buti, atazame pale shokomzoba zinaposhikilia bodi. Ukiona chini kumepakwa rangi nyeusi mbichi, uliza inaficha nini.

Wala usidanganywe na namba. Watu huuza gari kwa kutaja "KDA" kana kwamba ndio umri wake. Herufi hizo zilianza kutolewa mwaka 2020, nazo zaonyesha lilisajiliwa lini Kenya, si liliundwa lini. Lililoingia mwaka huo likiwa na miaka 7 liliundwa 2013.

Zimebaki karatasi, na hapa wageni hulia zaidi kuliko kwenye kutu. Mnunuzi mgeni lazima awe na PIN ya KRA. Kabla ya kulipa, aombe NTSA rekodi za gari kupitia eCitizen, aone mwenyewe ni nani. Huenda likawa na jina la kampuni, la rafiki, au la benki ambayo bado inadai. Muuzaji ndiye anayeanzisha uhamisho wa umiliki, kisha mnunuzi anaukubali. Akishapanda ndege na pesa mfukoni kabla ya kufanya hivyo, familia hubaki na gari uani ambalo kisheria si lao, na simu ya Milano haishikwi. Kwa hiyo fedha zitolewe siku ambayo wote wawili wameketi mbele ya kompyuta moja, wiki nzima kabla ya tarehe ya tikiti yake.