Nzi Ambaye Sikumwona

Wasee, kama umewahi kucheza mpira na mimi hapa Wamagana, story yangu unaijua. Mpira ukirushwa, naukosa. Nikimimina chai, nusu inaenda mezani. Primary walinibatiza Kamwaga, na jina likashika. Nikakubali tu kwamba mimi ni mzembe. Niliamini hivyo mpaka mwaka jana, nikiwa na miaka 19.

Mwaka jana dada yangu alipeleka mtoto wake kliniki ya macho kule Nyeri mjini. Kijana ana miaka minne, na akichoka jicho lake la kushoto hukimbilia puani. Nyumbani kila mtu alikuwa na maoni yake. Cucu alisema, "Mwacheni, atakua linyooke." Shemeji aliogopa ati miwani itaharibu macho zaidi. Mimi nilienda tu kusaidia kubeba mtoto.

Daktari akamvalisha miwani kama ya jua, akafungua kitabu chenye picha ya nzi mkubwa, mbaya kweli. "Hebu mshike mabawa." Hiyo picha ni mbili ndani ya moja, na ile miwani inapatia kila jicho ya kwake. Ubongo ukiziunganisha, nzi anainuka kutoka kwenye karatasi. Mtoto anayeona sawa hubana hewani, juu ya kitabu. Wengine hata hukataa kumgusa.

Wetu alipapasa karatasi.

Nikacheka. "Lakini daktari, si hiyo ni picha tu?" Akaniangalia kidogo. "Vaa wewe." Nikavaa. Picha tu. Dada yangu akavaa, akarudi nyuma na kiti.

Usiku huo sikulala, nilikuwa nasoma. Kumbe mwaka 1960, Eleanor Gibson na Richard Walk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliandika kuhusu jaribio moja tamu sana. Walitengeneza meza ya kioo kigumu. Upande mmoja, kitambaa cha miraba kiko hapo tu chini ya kioo. Upande wa pili kiko mbali chini, kwa hivyo unaona kama genge. Wakaweka watoto 36 wa miezi 6 hadi 14 katikati, mmoja mmoja, mama akiwaita. Watoto 27 walisogea, wote wakatambaa upande salama. Ni watatu tu walioenda juu ya genge. Wengine walilia au wakageuka, na mama yuko pale pale anawaita.

Nikajiuliza, mimi ningevuka? Pengine hapana. Hata jicho moja husoma umbali kwa vivuli, kwa ukubwa wa vitu, na kwa vile vitu husonga ukigeuza kichwa. Ndio maana nashuka hii miteremko yetu ya majani chai bila kuanguka. Na ndio maana hakuna aliyeshtuka. Mtoto mwenye shida hii hajui kwamba wengine wanaona tofauti. Atakuambiaje?

Shida ni muda. Macho yasipofanya kazi pamoja, ubongo huanza kupuuza lile moja, na tiba hushika vizuri zaidi kabla ya miaka 7 hivi. Kwangu daktari hakuniahidi kitu. Mtoto alipewa miwani, na jicho lake zuri hufunikwa masaa mawili kila siku ili lile lingine lilazimike kufanya kazi. Analia, anang'oa kibandiko. Na unajua nani anamshikilia saa? Cucu. "Bado dakika kumi, guka wangu."

Juzi walirudi kliniki. Nzi bado hajainuka. Lakini lile jicho dhaifu sasa linasoma mistari miwili zaidi kwenye chati. Tunaendelea.

Maoni yangu ni haya: tuache kuita mtoto mzembe kabla hajapimwa macho. Ukiona jicho linaenda kando, au anainamisha kichwa kila akiangalia kitu, au anafumba jicho moja juani, usingoje ati atakua. Mimi nilikua. Jicho halikungoja.

Na wale wa primary, bado naitikia Kamwaga. Lakini sasa mnajua.